ATV ya spoti inagoma kuwaka, inamisi au haishiki breki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye ATV za spoti: zile nyepesi, za gia za mguu na klachi ya mkono, zinazosukumwa na cheni kwenye ekseli ya nyuma. ATV za kazi zenye mkanda na zinazovuta kwa magurudumu yote manne zina mambo yao mengine. Msimamo wangu utauona kote: pima kwanza, nunua kipuri baadaye. Multimita, fila geji (visahani vyembamba vya kupimia uwazi) na tochi vinamwokolea mtu pesa kuliko sanduku zima la vipuri vipya. Namba kamili za chombo chako, kama uwazi wa valvu, ukazaji wa bolti na kiasi cha oili, ziko kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako. Hapa nimetaja zile tu zinazokaribiana kwenye ATV nyingi.

Injini inazunguka vizuri kwa stata lakini haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye swichi, hata kama una uhakika nazo. Swichi ya kuzimia iliyo upande wa kushoto wa usukani hugongwa kwa urahisi, na kama ATV ina kamba ya usalama ya kujifunga mkononi, kiungio chake kikilegea hutapata cheche. Kisha angalia koki ya petroli kama iko wazi, na jaribu kuigeuza upande wa akiba. Ukimaliza hapo ndipo uingie kwenye mambo matatu ambayo kila injini ya petroli inayadai: moto, mafuta na mgandamizo.

Moto: toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye injini mahali palipo mbali na tundu la plagi, kisha zungusha injini. Cheche ya bluu inayosikika ikipasuka ni nzima. Ikiwa ya njano na nyembamba, au hakuna kabisa, jaribu plagi mpya kwanza, halafu kofia ya plagi, halafu viungio vya nyaya vya koili na swichi. Usishike plagi kwa mkono, na usizungushe injini huku waya wa plagi ukining'inia hewani, maana umeme huo ukikosa njia unaweza kuua koili au kisanduku cha kuwashia. Futa petroli yoyote iliyomwagika kabla ya jaribio hili.

Mafuta: plagi uliyotoa itakuambia. Ikiwa kavu baada ya kuzungusha injini kwa muda, petroli haifiki. Kwenye ATV ya kabureta, weka kopo chini, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta huku koki ikiwa wazi. Petroli itoke mfululizo. Ikitoka kidogo kisha ikakata, shida iko kwenye koki, chujio lake, au tundu la kupumulia la tangi. Ikitoka ikiwa na rangi ya chai na harufu ya vanishi, imeshaharibika, na huenda jeti ndogo (kipande chenye tundu jembamba la kupitishia petroli) tayari imeziba.

Plagi ikitoka imelowa chapachapa, injini imemeza petroli kupita kiasi. Ondoa choki isifanye kazi, bonyeza resi mpaka mwisho na uishikilie hapo, zungusha injini kwa vipindi vifupi. Na uache tabia ya kupiga resi mara nyingi kabla ya kuwasha: kabureta za mashindano zina pampu ndogo inayorusha petroli ndani kila unapobonyeza, hata injini ikiwa imesimama.

Mgandamizo nimeueleza peke yake hapo chini, kwa sababu watu wengi wanaupima vibaya.

Nikibonyeza stata nasikia "tak" tu, au haifanyi kitu kabisa.

Weka multimita kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyotulia inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Chini ya 12.4 inahitaji chaja. Kisha mtu abonyeze stata wewe ukiangalia kipimo: ikiporomoka chini ya volti 9.5 au 10, betri imechoka hata kama kabla ya hapo ilisoma vizuri. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi wanakiruka, wakaenda kununua stata.

Betri ikiwa nzima, fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye fremu au injini. Kutu na rangi mahali hapo huleta "tak" ileile. Halafu rilei ya stata, halafu stata yenyewe. Kama hakuna sauti yoyote, shika klachi mpaka mwisho na uweke gia huru, kwa sababu swichi ya klachi ama ya gia ikishindwa, umeme hauendi kokote.

Betri inayokufa kila baada ya safari ni suala la kuchaji. Washa injini, panda mpaka mizunguko 3,000 hadi 5,000 kwa dakika, pima kwenye betri. Inatakiwa kusoma takriban volti 13.5 hadi 14.8. Isiposogea kutoka 12, kagua koili ya chaji iliyo ndani ya injini na regyuleta (kidhibiti cha volti). Ikizidi 15, regyuleta inaiunguza betri.

Inawaka kwa choki tu. Nikiitoa choki inazima.

Jeti ndogo ya kabureta imeziba. Choki inaongeza mafuta na kuficha kasoro hiyo. Ukitoa choki, njia ndogo inayolisha injini isiyopigwa resi haina kitu. Hutokea zaidi kwa ATV iliyokaa wiki nyingi na petroli kwenye bakuli.

Fungua kabureta, toa jeti ndogo, itazame dhidi ya mwanga. Tundu lake ni dogo kiasi kwamba punje moja ya uchafu inatosha. Unatakiwa kuona duara kamili la mwanga, lenye kingo safi. Ukiona mwezi mchanga, bado kuna utando. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma wala sindano, kwani shaba ya jeti ni laini na ukilipanua tundu hutalirudisha. Safisha pia njia zote ndani ya mwili wa kabureta, siyo jeti peke yake.

Kama baada ya usafi bado inazima, kuna hewa inayoingia pembeni. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini: ukunje kwa vidole utafute nyufa, na hakikisha klipu zimebana.

Rangi ya plagi inaniambia nini hasa?

Kahawia ya mchanga ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ina maana mafuta ni mengi au hewa ni kidogo, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyeusi yenye unyevu wa oili, kuna oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe, hasa ikiwa na vidoa vidogo vya chuma kilichoyeyuka, ni hatari: mchanganyiko una hewa nyingi mno na pistoni iko njiani kutoboka.

Soma plagi baada ya kuendesha kwa nguvu na kuzima papo hapo. Plagi ya injini iliyoachwa ikinguruma bila resi itakuwa nyeusi tu na haikuambii lolote. Unapobadilisha, fuata namba ya kitabu. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na kuna watengenezaji wengine ambao namba zao huenda kinyume.

Ilikuwa inawaka kirahisi. Siku hizi inasumbua, hasa ikiwa ya moto. Kabureta nimesafisha, plagi mpya. Nini tena?

Valvu. Hapa naomba utulie, kwa sababu swali hili ndilo linalokula pesa za watu bure.

Kila valvu inapogonga kiti chake maelfu ya mara kwa dakika, uso wake unalika taratibu na valvu inapanda juu kuelekea kamu (mhimili unaoisukuma valvu ifunguke). Uwazi uliokuwepo kati yake na kamu unapungua. Ukiisha, valvu haifungi kikamilifu na mgandamizo unavuja. Injini ikipata joto, chuma kinatanuka, uvujaji unaongezeka, na ndiyo maana inagoma ikiwa ya moto na kukubali ikipoa. Injini nyingi za mashindano za sentimita za ujazo 450 hutumia valvu za titani, ambazo ni nyepesi na huruhusu mizunguko ya juu, lakini uso wake mgumu ni mwembamba. Ukishalika, valvu inaanza kuzama haraka. Vumbi linalopita kwenye chujio la hewa lililokauka ndilo adui wake mkubwa.

Kupima si kazi ya ajabu. Injini iwe baridi kabisa, ikiwezekana iwe imelala usiku kucha. Toa plagi, fungua kofia ya valvu, zungusha injini mpaka pistoni iwe juu kwenye mpigo wa mgandamizo. Alama kwenye flaiwili na mkao wa kamu vitakuonyesha. Ingiza fila geji kati ya kamu na kikombe cha valvu. Inatakiwa ipite kwa ukinzani mdogo, bila kulazimishwa wala kucheza. Kwa injini nyingi za aina hii valvu za kuingiza huwa karibu milimita 0.10 hadi 0.15, na za kutolea moshi 0.20 hadi 0.25, ila kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho.

Uwazi ukiwa mdogo, hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, yaani kisahani kidogo kilicho chini ya kikombe. Andika kila kipimo na tarehe yake. Valvu iliyorekebishwa ambayo muda mfupi baadaye imebana tena imekwisha: shimu nyingine itakununulia siku tu, na valvu inayokatika kichwa inavunja pistoni na silinda pamoja.

Geji ya mgandamizo inasoma chini sana. Injini imekufa?

Siyo lazima. Injini nyingi za silinda moja zina kifaa kwenye kamu kinachofungua valvu ya moshi kidogo wakati wa kuwasha, ili stata isielemewe. Kifaa hicho hushusha usomaji wa geji. Tena ukipima bila kushikilia resi mpaka mwisho, hewa haiingii ya kutosha na namba inashuka zaidi.

Kipimo cha kuaminika ni cha uvujaji: unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, kisha unasikiliza. Hewa ikifoka kwenye ekzosi, ni valvu ya moshi. Ikitokea kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikipumua kwenye mpira wa kupumulia wa injini, ni ringi au silinda. Mapovu kwenye rejeta yanamaanisha gasketi ya kichwa. Jaribio moja, majibu manne, na hujafungua bolti hata moja ya kichwa. Injini hushtuka na kuzunguka hewa inapoingia, kwa hiyo weka gia huru na mikono mbali na cheni.

Inamisi nikipiga resi ya juu, lakini chini iko sawa.

Angalia leva ya breki ya kuegesha. Kwenye ATV kadhaa za Yamaha, breki hiyo ikiwa imefungwa, au swichi yake ikiwa imekwama, mfumo wa umeme unazuia injini kupanda mizunguko, na inakata kana kwamba kabureta ni mbovu.

Kama si hiyo, fungua kifuniko cha tangi ukiwa umesimama uone kama inapona. Ikipona, mpira wa kupumulia wa tangi umeziba na tangi linajivuta ombwe. Kisha chujio la hewa, jeti kubwa, na kofia ya plagi iliyolegea.

ATV yangu ni ya kunyunyizia mafuta kwa umeme. Mambo ya kabureta yananihusu?

Jeti hazikuhusu, ila moto, mgandamizo na hewa vinakuhusu vilevile. Modeli kama Yamaha Raptor 700R, iliyoanza na mwaka wa modeli wa 2006, zina pampu ndani ya tangi. Ukifungua ufunguo usikie mlio wake mfupi kwa sekunde chache. Usipousikia, anza na fyuzi na betri kabla ya kuilaumu pampu, kwani mfumo huu haupendi volti ya chini. Taa ya injini ikiwaka au kupepesa, soma namba ya kosa ulinganishe na kitabu. Namba hiyo inakutajia mzunguko wa umeme wenye kasoro, siyo kipuri cha kununua. Mara nyingi ni kiungio chenye maji.

Moshi wa rangi gani ni wa kutisha?

Bluu: oili inaungua. Ukitoka zaidi mara tu baada ya kuwasha, shuku sili za valvu. Ukitoka ukiwa unavuta kwa nguvu, shuku ringi. Mweusi: petroli nyingi, chunguza chujio na choki. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu na unaisha. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayoingia kwenye silinda: zima na usiendelee.

Inachemka na feni inazunguka. Kwa nini?

Piga tochi kupitia mapezi ya rejeta. Kama huoni mwanga upande wa pili, tope limekauka katikati. Osha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya msukumo mkubwa inalaza mapezi na kuiua rejeta kabisa. Halafu kagua kiwango cha kulanti, kifuniko cha rejeta, na kama kuna hewa iliyonaswa baada ya kujaza upya. Mchanganyiko wenye hewa nyingi nao huleta joto. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto: kulanti iliyo kwenye msukumo inafoka na kuchoma uso.

Feni isipozunguka, iunganishe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, tatizo ni swichi ya joto, fyuzi au nyaya.

Klachi inateleza baada ya kubadilisha oili. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wa moja kwa moja. Klachi ya ATV hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari za kupunguza matumizi ya mafuta zina viungo vya utelezi ambavyo hufanya sahani za klachi zishindwe kushikana. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Mwaga ile mbaya, weka sahihi, na mara nyingi klachi inarudi. Ikiwa sahani zimeungua, hazirudi.

Suala jingine la oili: ATV kama Honda TRX400EX na Yamaha YFZ450 huhifadhi oili kwenye tangi lake la pembeni badala ya chini ya injini. Ukipima injini ikiwa imezimwa kwa muda mrefu, kijiti kinaweza kuonyesha pungufu kwa sababu oili imeshuka chini. Ukiongeza hapo umeijaza kupita kiasi, nayo itaanza kuitema kwenye boksi la hewa. Washa kwanza, iache ipate joto, zima, subiri kwa muda uliotajwa kwenye kitabu, ndipo upime.

Imepinduka, au imezama majini. Niwashe?

Hapana. Maji au oili ikiwa juu ya pistoni haigandamiziki, na stata ikilazimisha, mkono wa pistoni unapinda. Isimamishe kwa magurudumu yake, toa plagi, funika tundu kwa kitambaa bila kulikaribia kwa uso, zungusha injini mpaka iache kutema. Fungua boksi la hewa, kausha, osha chujio. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ibadilishe, endesha dakika chache, ibadilishe tena mpaka itoke safi. Modeli za mfumo wa umeme zenye kihisi cha mlalo hazitawaka mpaka ufunge ufunguo na kuufungua upya.

Resi inakwama.

Ukiwa njiani: swichi ya kuzimia na klachi kwa pamoja. Usipande tena mpaka resi irudi yenyewe kwa mlio wa "chap" usukani ukiwa umekunjwa kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, na katikati. Kebo iliyochanika nyuzi inabadilishwa, haipakwi oili.

Yangu ni ya tu-stroki (injini ya mipigo miwili). Inapanda mizunguko yenyewe na kuchelewa kushuka.

Simamisha mara moja. Injini kama ya Yamaha Banshee, silinda mbili na sentimita za ujazo 347, hulainishwa na oili iliyo ndani ya mchanganyiko unaoungua. Hewa ikiingia kupitia sili ya kranki, gasketi ya chini ya silinda au mpira wa kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu, na pistoni inakwaruza silinda ndani ya muda mfupi. Mwambie fundi aizibe injini na kuipima kwa msukumo wa hewa. Kubadilisha jeti bila kipimo hicho ni kufunika uvujaji.

Leva ya breki ya mbele ni laini, inakaribia kugusa usukani.

Usiendeshe. Sasa, sababu zake kwa mpangilio ninaoufuata mimi.

Kwanza kikombe cha mafuta ya breki kwenye usukani. Kiwango kikiwa chini, ama pedi zimelika, ama kuna uvujaji. Pitisha kidole kavu kwenye kila kiungio, chini ya leva, na kuzunguka pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Unyevu wowote wa kuteleza ni uvujaji na unatengenezwa kabla ya kujaza.

Pili hewa. Ukipampu leva mara kadhaa ikapanda na kuwa ngumu, kisha ukiiacha inarudi kuwa laini, mfumo una upepo. Ikiwa leva ni ngumu mwanzo lakini inazama polepole ukiishikilia na hakuna uvujaji wa nje, sili za ndani ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na leva) zimekwisha.

Tatu, jambo linalosahaulika: inua mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Beringi iliyolegea inaacha diski iyumbe na kuzisukuma pedi nyuma ndani ya kalipa. Leva ya kwanza inakwenda chini, ya pili inashika. Unaweza kutoa upepo siku nzima, na shida iko kwenye beringi.

Nne, mipira ya breki ya zamani. Mtu akibana leva kwa nguvu, uishike katikati: ukihisi inavimba mkononi, ibadilishe.

Nimetoa upepo mara kadhaa, leva bado haisimami.

Kanuni ni bana, fungua skrubu, funga skrubu, achia. Ukiachia leva kabla ya kufunga, umevuta hewa ndani upya. Kikombe kisikauke hata mara moja, na tumia mpira mwangavu uliozama kwenye chupa yenye mafuta ya breki ili uone mapovu.

Hewa inayokaidi hukaa juu: kwenye bolti inayounganisha mpira na masta silinda. Geuza usukani mpaka masta silinda iwe sehemu ya juu kabisa, gusa leva kwa vipigo vidogo sana vya ncha ya kidole, na utaona vipovu vikipanda kwenye kikombe. Kama bado, sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano kupitia skrubu ya kalipa, huku mwenzako akiangalia kikombe kisifurike. Hakikisha pia kalipa za kushoto na kulia hazijabadilishana: skrubu ya kutolea upepo lazima ikae juu, la sivyo hewa inabaki mfukoni mwake daima.

Nitumie mafuta gani ya breki?

Yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, na kwa nyingi ni DOT 4. Viwango vya chini vya kuchemka kwake ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya unyevu. DOT 3 ni 205 na 140, DOT 5.1 ni 260 na 180. Yote matatu hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa hata kama hayajapungua, na chupa iliyokaa wazi muda mrefu haifai. Ukishuka mlima umebana breki na leva ikalegea ghafla, maji hayo yamechemka na kuwa mvuke. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine, licha ya jina kufanana na 5.1.

Mafuta haya yanakula rangi na kuwasha ngozi. Yakimwagika, osha kwa maji mengi.

Breki inashika yenyewe na diski inakuwa ya moto.

Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, legeza skrubu ya kutolea upepo. Kama linaachia mara moja, msukumo umenaswa kwenye mfumo: leva haina mchezo wa mwanzo, au kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya masta silinda kimezibwa na uchafu. Kama linabaki zito, shida iko kwenye kalipa: pini za kutelezea zimekauka kwa tope, au pistoni ina kutu. Pini hupakwa grisi ya silikoni ya breki pekee. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira yake na kurudisha tatizo likiwa baya zaidi.

Breki ya nyuma tu ndiyo inayokwama, na nimetoka kuweka pedi mpya.

Bolti ya kurekebishia breki ya kuegesha, nyuma ya kalipa. Ilikazwa kufuata pedi za zamani zilizolika. Pedi mpya ni nene na sasa hazina nafasi. Legeza kebo, legeza nati ya kufungia, rudisha bolti nyuma. Kisha ikaze taratibu mpaka iguse, irudishe kidogo kama kitabu kinavyosema, funga nati, ndipo urekebishe kebo.

Inalia na haishiki, pedi bado nene.

Diski ya nyuma inaishi jirani na cheni, na dawa ya cheni inayorushwa ndiyo chanzo cha kwanza ninachokitafuta. Safisha diski kwa dawa ya kusafishia breki. Pedi zilizolowa oili badilisha. Kuzichoma kwa moto kunatoa moshi wenye sumu na hakurudishi mshiko wa kuaminika. Zikiwa zimeng'aa tu bila oili, zisugue kidogo kwa msasa ukiwa umevaa barakoa, na usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Baada ya kuvuka maji, gusa breki kwa upole ukiwa kwenye mwendo mdogo mpaka zikauke.

Pedi na diski zinabadilishwa lini?

Pedi: zikibaki karibu milimita 1, au zikifika mfereji wa alama. Kwenye tope usisubiri hapo, kwa kuwa mchanga unaweza kumaliza kilichobaki kwa siku moja. Diski: unene wa chini kabisa umechapishwa kwenye diski yenyewe. Pima kwa maikromita mahali palipolika zaidi, siyo ukingoni. Breki ya nyuma ikitetemesha mguu, diski imepinda kwa kugonga jiwe au beringi za ekseli zimelegea. Tikisa ekseli kabla hujanunua diski.

Nimemaliza kutengeneza breki. Najaribuje?

Kabla ya kuwasha, pampu leva na pedali mpaka ziwe ngumu, kwani pistoni ulizozisukuma ndani ziko mbali na diski na mbano wa kwanza hautashika kitu. Shikilia leva kwa nguvu karibu dakika moja, isizame. Kagua tena unyevu kwenye viungio vyote. Kisha mahali tambarare pasipo watu, gia ya kwanza, breki ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. ATV ikivutwa upande mmoja ukibana ya mbele, kalipa moja haifanyi kazi sawa na mwenzake, na unarudi kwenye pini na upepo. Ikisimama mstari ulionyooka, zifundishe pedi mpya kwa kubana mara kadhaa kutoka mwendo wa wastani bila kusimama kabisa, ukiacha diski zipoe katikati, ndipo uongeze kasi.